Kidude cha Kunusa Polisi

Mume wangu Enos ni msomi, na hilo ndilo tatizo letu. Mtu wa kawaida akipigwa picha na kamera za barabarani mara tatu mfululizo, hupunguza mwendo. Enos alifungua kompyuta akaanza utafiti.

Haki ya nani, nyumba yetu ya Kensington, hapa Johannesburg, haikupata amani. Mimi napika, yeye yuko mezani na video zake. "Moraa, njoo uone hiki." Kulikuwa na vidude vya kubandika kwenye kioo cha mbele, vinakaa pale kama mjusi, polisi yeyote akiinama dirishani anaviona. Kulikuwa na vya bei rahisi ambavyo hulilia kila mlango wa supamaketi unaojifungua wenyewe. Kulikuwa na vinavyosikia rada ya polisi kutoka mbali sana lakini kwa kamera za laser vinachelewa.

"Kwa laser," alinieleza kwa sauti ile anayofundishia chuoni, "kikilia ujue umeshapigwa picha."

"Kwa hiyo unanunua king'ora cha kukupa pole?"

Hakucheka. Enos hacheki akiwa kwenye utafiti.

Nilimwambia jambo moja na nikalirudia mpaka mate yakanikauka. Nchi hii imekataza vidude hivyo. Usiseme kukitumia, hata kuwa nacho tu ndani ya gari ni kosa. Na sisi si wenyeji. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Tulikuwa tumeomba ukaazi wa kudumu, na ombi liko kwa jina langu, kwa sababu kibali kimetokana na kazi yangu ya benki kule Sandton. Enos na binti yetu Orpha wako humo humo mgongoni mwangu. Gari pia ni jina langu. Kilichobaki ni polisi kusema kwamba sina doa. Kesi moja tu, hata ya kijinga, na sote watatu tunafunga virago. Orpha ana miaka minane, amezaliwa hapa hapa Johannesburg, na Kisii anaijua kwa picha za simu.

"Hakuna atakayekiona," Enos alisema. Sikio la kufa halisikii dawa.

Akanikokota Newtown kukinunua kwa Ruphin, Mkongo mmoja anayeuza chaja na vifuniko vya simu juu ya meza, na vitu vingine chini ya meza. Alichagua kile cha kufichwa. Pua yake inafungwa nyuma ya grili ya mbele, waya unapita chini ya zulia, na spika imezama ndani ya dashibodi. Huwezi kuking'oa bila kubomoa nusu ya gari. "Maman, hii kitu polisi hatayiona hata apige magoti," Ruphin aliniambia, akanicheka kwa kuwa nilikuwa nimenuna. Enos akakifunga mwenyewe uani, na kwa uvivu wa kutafuta fyuzi akakiunganisha moja kwa moja na betri. Gari likizimwa, kidude kiko macho. Alisema atarekebisha mwisho wa wiki, na mwisho wa wiki huo ndio baba yake alikuja kututembelea.

Sasa niwaambie kuhusu baba mkwe wangu. Ni mzee wa kanisa la Sabato huko kwetu, mtu mrefu, mkavu, asiyejua kupindisha neno. Mpwa wake alipotaka kuingia jeshini, mzee aliombwa tu aseme kijana ana umri mdogo kuliko alio nao. Akakataa. Ukoo mzima ukamnunia, naye akaendelea kula ugali wake kwa amani. Huyo ndiye aliyekuwa anashuka kwenye ndege Jumapili alasiri, na Enos ndiye aliyepaswa kwenda kumpokea. Lakini asubuhi alijitia kuinua kitanda cha mgeni peke yake, mgongo ukamkamata. Nilimkuta amelala sakafuni kama mkeka.

"Moraa," akasema akiangalia dari, "itabidi uende wewe."

Nilihisi kuchanganyikiwa. Kwetu Abagusii mkaza mwana na baba mkwe wana heshima yao, tunaiita ensoni. Hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, hawatazamani machoni hivi hivi. Kukaa naye ndani ya gari dogo, peke yetu? Ng'o. Nikamchukua Orpha ili awe katikati yetu, akakaa mbele na mimi, na mzee tukamweka kiti cha nyuma na begi lake. Alinisalimu kupitia mtoto. "Orpha, mwambie mama yako nimemshukuru kwa kuja." Orpha anakielewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza chake cha shule, na vipokea sauti vyake vya muziki havitoki masikioni. Basi mazungumzo yalikuwa ya kuvuta.

Hapo kwenye maegesho ya uwanja wa ndege ndipo nilifanya upumbavu wangu. Niliinua macho kwenye kioo cha kati nirudi nyuma, nikakutana na macho ya baba mkwe, ana kwa ana. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Ningeendeshaje njia nzima tunatazamana kama wachumba? Nikakisukuma kile kioo kikatazama dari. Nikabaki na vioo vya pembeni, ambavyo mimi huvitazama nikihama leni tu. Katika jiji zima la Johannesburg, ambako watu hufuatwa kutoka uwanja wa ndege kila siku ya Mungu, ni Mkisii peke yake angeendesha gari bila kuona nyuma kwa sababu ya adabu.

Tulipoingia barabara kuu kidude kikaanza. Ti. Ti. Ti-ti-ti. Kikizidi kuhamaki, baada ya milio hiyo hutoka sauti ya mwanamke wa Kizungu inayotangaza kwa nguvu, "Rada! Rada mbele!" Safari hii hakikufika huko. Milio ilikufa yenyewe.

"Orpha, nini kinalia?" mzee akauliza.

Orpha akatoa kipokea sauti kimoja. Akamweleza babu yake, kwa Kiingereza, kwamba ni kitu cha baba cha kujua polisi wako wapi.

"Serikali ya hapa inakiruhusu?"

"Mama anasema hapana."

Nilitamani barabara inimeze. Nikasikia tu mzee akivuta pumzi kwa pua, ile ya mtu aliyeonja chai akakuta haina sukari.

Tukaendelea. Nikamsikia akisema kitu kwa sauti ya chini, Orpha akitikisa kichwa kwa muziki wake. Akasema tena. Mara ya tatu akamgusa mtoto begani, na Orpha akanigeukia.

"Babu anasema gari jeupe lile limetufuata tangu tulipotoka maegesho. Anauliza kama ni la rafiki yako."

Nikatazama kioo cha pembeni. Gari jeupe, vioo vyeusi, mbele halina namba. Nikahamia leni ya kushoto, nalo likahama. Nikapunguza mwendo, nalo likapunguza. Halafu ndani ya grili yake zikawaka taa za bluu.

Watu wa Johannesburg wanajua hofu ninayoisema. Taa za bluu zinaweza kuwa polisi kweli. Zinaweza pia kuwa majambazi walionunua taa kama Enos alivyonunua kidude, wanaokusimamisha, wanakutoa kwenye gari, na anayebishana hasimulii. Mwenzangu wa kazini Gaëlle alisimamishwa hivyo akiwa na shemeji yake. Gaëlle alirudi. Shemeji hakurudi. Tangu hapo sote tunalijua somo: usisimame. Washa indiketa zote mbili, toa mkono dirishani uwaonyeshe umewaona, nenda polepole hadi kituo cha polisi. Kama ni polisi wa kweli, watakufuata hadi pale na hawatakulaumu.

Hadi kituo cha polisi. Na mimi nina kidude cha haramu kimefungwa kwenye pua ya gari lenye jina langu.

Kama ni polisi na nikisimama hapa, labda wataangalia leseni tu waniache. Kama ni majambazi na nikisimama, mtoto wangu yuko kiti cha mbele. Nikienda kituoni, naenda mwenyewe kujikabidhi, nimewabebea ushahidi. Nikafikiri pia: kama hawa wananisimamisha kwa mwendo, mbona kidude hakijalia? Kimenyamaza, basi hawana rada, basi si polisi. Kisha nikakumbuka somo la Enos la laser. Jamani, mume wangu amenunua kitu ambacho hata kikinyamaza huwezi kukiamini! Nilimchukia Enos wakati huo. Nasema kweli, nilimchukia pale sakafuni alipolala.

Gari jeupe likaja ubavuni kwangu. Dirisha likashuka. Mwanamume amevaa fulana ya kung'aa kama ya polisi, ananipungia mkono niende pembeni. Niende pembeni, kwenye majani, mahali hakuna nyumba. Mkono wake mwingine sikuuona.

"Mama?" Orpha alikuwa ametoa vipokea sauti vyote viwili.

"Kaa kimya. Shuka chini ya kiti."

"Orpha," baba mkwe akasema nyuma yangu, na sauti yake ilikuwa tulivu kabisa, "mwambie mama yako asisimame. Aende polisi."

Hapo adabu ikanitoka. Sikungoja mtoto. "Baba, nikienda polisi watakipata! Watatufukuza nchi hii, wote, na huyu mtoto!"

"Mwambie heri nusu shari kuliko shari kamili. Mwambie kufukuzwa kuna kurudi nyumbani. Kuzikwa je?"

Niliwasha indiketa zote mbili. Nikatoa mkono dirishani nikawapungia. Yule mtu akapiga mlango wake kwa ngumi. Nikatoka barabara kuu kwa njia ya Bruma, wao nyuma yangu, taa za bluu zikiwaka kwenye kioo cha pembeni. Robot ya kwanza ilikuwa nyekundu. Kule kwetu ningeiita taa za barabarani, hapa wote tunaiita robot, na hapa pia tunajua kwamba kusimama kwenye robot nyekundu ukifuatwa ni kuwafungulia mlango. Nikapita. Lori lilipiga honi, nikafumba macho, nikayafumbua tuko upande wa pili. Nilikuwa nasema, "Mungu wangu, Mungu wangu, Mungu wangu," na Orpha alikuwa analia chini ya dashibodi bila sauti. Mama mtu anaweza kuvumilia mengi, lakini si kilio cha mtoto kisicho na sauti.

Kituo cha polisi kilikuwa mwisho wa mtaa. Niliona bendera, nikaona lango liko wazi, nikakanyaga mafuta. Nilipokata kona kuingia, gari jeupe likapunguza mwendo nje. Taa za bluu zikazimika. Likapita taratibu, na yule mwanamume akanitazama, akacheka, akaondoka zake.

Majambazi. Walikuwa majambazi.

Nilishikwa na kikohozi, au kilio, sijui. Konstebo mmoja kijana akaja mbio na mwenzake wa kike. Nikawaeleza kwa maneno yaliyokatikakatika. Hawakuwa na neno baya hata moja. Kijana akaniambia nimefanya vizuri sana, yule wa kike akampa Orpha maji. Wakaita wenzao kwa redio watafute gari jeupe. Nikazima gari langu. Kwa muda mfupi nilisahau kila kitu isipokuwa kwamba tuko hai.

Kijana akaegemea boneti ya gari langu ili aniulize rangi, sura, walikuwa wangapi. Magoti yake yalikuwa pale pale kwenye grili. Na hatua chache kutoka kwetu, askari wawili wa trafiki walikuwa wameteremsha kamera yao ya rada kwenye bakkie, ile pikapu ya hapa, wakiijaribu kabla ya kwenda nayo barabarani. Niliwaona. Niliona mmoja akiigeuza ile kamera, akiielekeza upande wetu.

Ti.

Nikapaza sauti, nikaendelea kueleza.

Ti. Ti.

Konstebo akainua kichwa. "Gari lako linalia nini, mama? Si umelizima?"

Niliona mwaka mzima wa kungoja ukimwagika pale kwenye saruji. Niliona kazi, shule ya Orpha, nyumba, vyote. Ti-ti. Ti-ti-ti. Nilijua kinachofuata baada ya milio hiyo ni yule mwanamke wa Kizungu, na yeye hatanong'ona. Orpha alitoa kikombe cha maji mdomoni. Ni mtoto mkweli, tumemlea hivyo, na akiulizwa na askari atajibu.

"Ni kitu cha…" akaanza.

"Tuombe!"

Baba mkwe alikuwa ameshuka. Amesimama katikati ya ua kwa urefu wake wote, kofia mkononi, na sauti yake ilikuwa ile ya mtu aliyehubiri miaka yote bila spika. Alisema neno hilo kwa Kiingereza ili kila mtu aelewe. Konstebo kijana alishtuka, akavua kofia. Yule wa kike akainamisha kichwa. Hata askari wa trafiki kule kwenye kamera wakaacha kazi, wakafumba macho. Nchi hii, mzee akisema tuombe, watu huomba.

Akahamia Kiswahili, akapaza sauti mpaka dirisha la ofisi likafunguliwa. "Ee Baba uliyetuvusha! Uliyetutoa kinywani mwa simba! Wabariki watumishi hawa wa sheria! Walinde njiani!" Na chini ya sauti yake mimi nilimsikia yule mwanamke ndani ya dashibodi, "Rada! Rada mbele!" Baba mkwe naye akapanda juu zaidi, akapiga makofi, akalia haleluya, akamtaja kila nabii anayemjua. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Aliomba kwa ajili ya majambazi. Aliomba kwa ajili ya rais wa nchi hii na wa nchi yetu. Kila alipofika karibu na amina, kidude kilipiga tena, naye akaanza upya. Mimi sikufumba macho. Niliitazama ile kamera na nilikuwa nakufa.

Kisha mmoja wa trafiki, macho nusu wazi, akakumbuka kazi, akaikunja kamera polepole kwa heshima na kuirudisha kwenye bakkie. Milio ikapungua. Ti. Ti. Kimya.

"Amina," baba mkwe akasema, na sauti ilikuwa imekauka kabisa.

"Amen, Mkhulu," konstebo akajibu, yaani babu kwa lugha yao, akamshika mzee mkono kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa na machozi. Alisahau kuuliza tena kuhusu mlio. Akasema hawatatuacha twende peke yetu, watatusindikiza hadi mlangoni. Niliendesha hadi nyumbani na gari la polisi, la kweli, nyuma yangu, nikiogopa kuliko nilivyoogopa lile jeupe.

Enos alikuwa mlangoni ameshika kiuno. Aliliona gari la polisi likigeuza, akapauka. "Kimelia?" ndilo neno lake la kwanza. Hakuuliza tumefikaje. Hakumwamkua baba yake.

Nilimrushia ufunguo kifuani. "Kitoe. Leo, kabla jua halijazama. Hata kama utatambaa."

Alitambaa kweli. Aling'oa dashibodi akilia kwa mgongo, na sikumpa pole. Alipomaliza akanawa, tukakaa mezani sote wanne. Nilikuwa nimepika mbuzi na chinsaga, mboga yetu ya nyumbani, niliyoitafuta mji mzima kwa ajili ya mzee. Orpha alikuwa ameshamsimulia baba yake kila kitu. Enos alimwangalia baba yake kwa macho ya mtoto aliyeokolewa.

"Baba, tubarikie chakula."

Mzee alikuwa ameweka mikono juu ya meza, akiitazama kana kwamba si yake.

"Sibariki," akasema. "Wale vijana walivua kofia zao kwa sababu waliniamini. Mimi nikamchukua Mungu nikamfanya blanketi la kufunika kitu chako. Nilifanya kwa ajili ya huyu mtoto. Na ningefanya tena, Enos, na hilo ndilo linalonitisha. Leo sina uso wa kusimama mbele zake. Omba wewe."

Tukafumba macho. Enos alivuta pumzi, akakohoa, akaanza, "Baba yetu," akakwama. Tukangoja. Nilimsikia akimeza mate, nikamsikia Orpha akijisogeza kwenye kiti, nikasikia pumzi nzito za mzee upande wa pili wa meza. Hakuna aliyemsaidia. Tuliendelea kungoja, na chakula kikapoa.